Koili ya Australia, udongo wa Nyamongo

Majuzi nilikuwa Nyamongo, wilayani Tarime, kikazi. Jioni moja kijana wa rika langu akanivuta pembeni. Alikuwa na detekta, GPX 5000, na ameuza ng'ombe wawili wa mzee wake (na mnajua ng'ombe ni nini kwa Mkurya) akanunua koili ya inchi 18 badala ya ile ya inchi 11 aliyokuwa nayo. Wiki tatu amepata misumari tu. "Kaka, wewe umesoma, hapa nimekosea wapi?"

Mimi nimesomea uandishi wa habari jamani, siyo sumaku! Lakini swali lilinikaa kichwani, nikaanza kuchimbua.

Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaitwa na kifaa chake kuitafuta risasi mwilini. Akashindwa. Inasemekana springi za kitanda zilimchanganya. Kwa hiyo tangu mwanzo adui wa detekta ni chuma kisichotakiwa.

Mashine za dhahabu tunazoziona leo zimetoka Australia. Mwaka 1980 kule Kingower, jimbo la Victoria, mtu mmoja na detekta yake alitoa bonge la kilo 27. Mwaka 1995 Minelab wakatoa SD 2000, iliyopeleka sumaku ardhini kwa vipigo vifupi na kuvumilia udongo wenye chuma. Kuna pia kampuni za hukohuko, Coiltek na Nugget Finder, zinazotengeneza koili za kufunga kwenye mashine za Minelab. Wanazo ndogo kwa kubwa, ila hadithi inayozunguka mtaani ni ile ya mabonge, basi kila mtu anataka sahani kubwa.

Sasa njoo Mara. Upande wa Serengeti, Wajerumani walichimba Kilimafedha (kilima cha fedha, kilichotoka dhahabu!). Leo kiko ndani ya hifadhi, na ukikamatwa mle na detekta hutaulizwa koili yako ni inchi ngapi. Baadaye, enzi za Mwingereza, ikawa Buhemba. Kote huko kazi ilikuwa kufuata mwamba na kuusaga. Lupa, kule Chunya, watu walikimbilia mwaka 1922 kwa sababu dhahabu ilikuwa kwenye mchanga wa mito. Ya kwetu nyingi iko ndani ya jiwe, chembechembe. Ndiyo maana mgodi mkubwa wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, unasaga mlima mzima, na wachimbaji wadogo wana karasha na zebaki. Detekta haisikii vumbi la dhahabu. Inasikia punje na vipande.

Hapo ndipo koili inapoingia. Kubwa inakwenda chini zaidi, lakini kwa kipande kikubwa. Punje ndogo inapotea chini yake, na udongo mwingi unaopitiwa kwa mara moja unaleta kelele nyingi. Mara imejaa mawe ya chuma, yale mekundu mazito. Tena kuna aina mbili: mono, ambayo waya mmoja unatuma na kupokea, na DD, yenye nyaya mbili za umbo la D, mmoja unatuma, mwingine unapokea. Mono huenda chini zaidi ila hupiga kelele kwenye udongo wa chuma. DD hutulia, na kwenye GPX 5000 ndiyo peke yake inayoweza kukataa chuma. Haikatai vizuri kilichoko chini sana, lakini kwenye maduara ya zamani, yaliyojaa misumari na nyaya za baruti, ni afadhali kubwa.

Kwa maoni yangu angebaki na inchi 11, DD. Nikampigia simu nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema ile ya zamani alishaiuza ili aongezee hela. Kibaya zaidi, muuza duka aliyempa hiyo kubwa hakumpa risiti, na maandishi kwenye boksi yana herufi zilizokosewa. Detekta bandia za Minelab zimesambaa sana Afrika, na sahani ya plastiki huwezi kuifungua uone nyaya.

"Mzee ameshajua?" nikamuuliza.

"Anajua ng'ombe wako kwa mjomba."