Historia ya Cheche: Habari za Koili katika Pikipiki Kuukuu

Utamaduni wa taifa unapozungumzwa, aghalabu hutajwa ngoma, mashairi na vinyago, na ni haki vitajwe. Lakini maarifa ya fundi wa chini ya mwembe, afufuaye chombo ambacho kiwanda chake kilikwisha kufungwa, nayo ni sehemu ya utamaduni huo, wala hayajaandikwa vya kutosha. Hapa tumekusudia kueleza kifaa kimoja tu, nacho ni koili. Bila ya kuwa na cheche, chombo hiki kisingetoa ule mlio uliowafanya wasemaji wa Kiswahili wakiite pikipiki, na wengine tukutuku.

Injini ya petroli huhitaji cheche iruke baina ya ncha mbili za plagi wakati mchanganyiko wa hewa na petroli umekwisha kubanwa. Umeme haupenyi hewa iliyobanwa ila kwa nguvu ya maelfu ya volti, hali betri za pikipiki nyingi za zamani zilikuwa na volti 6 tu. Jawabu la tatizo hilo lilipatikana kabla pikipiki yenyewe haijazaliwa. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungusha nyaya mbili katika pete moja ya chuma, akaona kuwa umeme unapounganishwa au kukatwa katika waya wa kwanza, umeme mwingine huzuka ghafula katika waya wa pili, ingawa nyaya hizo hazigusani. Mwaka 1836 Padre Nicholas Callan, mwalimu katika chuo cha Maynooth, Ireland, aliunda koili kwa kanuni hiyo. Baadaye Heinrich Ruhmkorff aliiboresha huko Paris, na mwaka 1864 akatunukiwa faranga 50,000 na Napoleon wa Tatu.

Hata hivyo, chombo cha magurudumu mawili walichokiunda Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach nchini Ujerumani mwaka 1885 hakikuwa na koili. Petroli iliwashwa kwa kibomba kilichopashwa moto na taa, na dereva akawa ameketi juu ya mwali. Sisi tungependelea kwenda kwa miguu.

Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Bosch, alikamilisha magneto yenye nguvu kubwa. Ndani yake mna sumaku na nyaya, na umeme huzaliwa kwa mzunguko wa injini yenyewe bila ya betri. Waendesha pikipiki waliipenda mno. Uingereza iliitegemea magneto ya Kijerumani kiasi kwamba vita vilipoanza mwaka 1914 ilipatwa na uhaba mkubwa, ikabidi viwanda vyake vijifunze kwa haraka kazi ambayo vilikuwa vimewaachia wengine. Koili ya betri ilirudi kwa nguvu katika pikipiki za Kiingereza miaka ya 1950. Triumph Speed Twin, kwa mfano, ilipewa koili mwaka 1953. Katikati ya miaka ya 1960 volti 6 zilianza kuachwa, zikachukuliwa volti 12.

Pikipiki za nyakati hizo ndizo zinazowashughulisha mafundi na wapenzi wa vyombo vya kale hadi leo. Koili yake ina waya mnene wa mizunguko michache, na waya mwembamba wa mizunguko mingi, pengine mara mia zaidi. Pointi, yaani vile vibao viwili vinavyofunguka na kufunga, hukata umeme wa waya mnene; usumaku huporomoka, na katika waya mwembamba huzuka maelfu ya volti. Miaka inapopita, joto na unyevu hulegeza nta na karatasi zinazozitenga nyaya. Dalili yake yajulikana sana: pikipiki huwaka asubuhi, huenda maili kadhaa, kisha huzimika injini inapochemka, na hukataa kuwaka mpaka ipoe.

Hapo mwenye chombo hushauriwa anunue koili kali zaidi. Shauri hilo laweza kuwa jema, laweza pia kuwa hasara, na tofauti yake ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Koili ya volti 12 iliyokusudiwa pointi huwa na ukinzani wa omu zipatazo 4 katika waya wake mnene. Umeme upitao ni 12 kugawanya kwa 4, yaani ampea 3. Ukiweka koili ya omu 1.5, umeme utakuwa ampea 8. Cheche itang'aa na mwenye chombo atafurahi, lakini pointi zitaungua na koili yenyewe itachemka.

Kwa maoni yetu, mara nyingi ugonjwa haumo katika koili bali katika njia ya kuifikia. Waya uliooza, swichi yenye kutu na fremu iliyopakwa rangi mahali pa kuunganishia umeme huweza kuifanya betri ya volti 12 ifikishe volti 10 tu. Nguvu ya cheche hufuata kipeo cha pili cha umeme. Kwa hiyo, injini inapozunguka polepole, upungufu huo hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu. Msasa na waya mpya hufanya hapo kazi ambayo koili ya bei kubwa haiwezi.

Mwaka 1969 Kawasaki ilitoa pikipiki yake ya H1 ikiwa na mtambo wa elektroniki usiohitaji pointi. Mtambo wa namna hiyo, ambao mafundi wetu huuita sidiai, hujaza umeme wa mamia ya volti katika kondensa, kisha huumwaga wote kwa mkupuo ndani ya koili. Koili yake ina ukinzani mdogo sana, mara nyingi usiofika omu 1, nayo haifai kuhamishiwa katika pikipiki ya pointi hata kama matundu ya skrubu yanalingana. Katika mafungu ya vipuri vilivyotumika koili hizo mbili hufanana kwa umbo na rangi. Mita ya omu ndiyo izitenganishayo.