Damu Safi, Mgonjwa Hajapona: Atoxyl na Malale katika Mwambao wa Imbo

Historia ya malale kandokando ya Ziwa Tanganyika huandikwa zaidi kama historia ya mbung'o, vichaka na kambi. Makala hii inaifuata dawa yenyewe, kwani mzozo uliozuka baina ya matabibu wa Kijerumani na wakazi wa mwambao ulihusu pia maana ya neno kupona.

Rumonge imo katika Imbo, tambarare nyembamba iliyo baina ya ziwa na milima ya Burundi. Watu wa ukanda huu waliishi kwa kuvuka maji: uvuvi, chumvi ya Uvinza, biashara ya Ujiji. Maradhi nayo yalipita njia hizo hizo. Baada ya Robert Koch kufanya majaribio yake katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907, Wajerumani walileta utaratibu wake Tanganyika: kupapasa tezi za shingo, kupima damu kwa hadubini, kufyeka vichaka na kudunga Atoxyl. Kazi hiyo ilikatizwa na vita. Wabelgiji waliiteka Usumbura mwaka 1916.

Jina Atoxyl lina maana ya "isiyo sumu". Ni dawa ya arseniki, na jina hilo lilitolewa kwa sababu sumu yake ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ya arseniki ya kawaida. Muundo wake uliokubaliwa tangu enzi za Béchamp haukuwa sahihi. Mwaka 1907 Paul Ehrlich na Alfred Bertheim walionesha kwamba kundi la amino limo huru ndani ya molekuli, hivyo dawa ingeweza kubadilishwa kikemia. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya Salvarsan. Kwa maneno mengine, wagonjwa wa Sese walikuwa wakidungwa kitu ambacho muundo wake ulikuwa ndiyo kwanza unafahamika.

Fumbo la pili lilikuwa ndani ya mwili. Katika chupa ya maabara Atoxyl haikuua tripanosoma, mwilini iliwaua. Ehrlich alieleza kwamba tishu huibadilisha arseniki ya valensi tano kuwa ya valensi tatu, na hiyo ndiyo yenye makali. Vimelea vilitoweka katika damu kwa muda mfupi, lakini dawa haikufika ya kutosha kwenye ubongo, walikojificha vimelea vya hatua ya pili. Mgonjwa alionekana mzima, kisha usingizi ukarudi. Koch alipoongeza dozi, zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka, kwa kuwa neva ya macho iliharibiwa.

Hapa lugha inatusaidia kuliko takwimu za kambi. Mzungumzaji wa Kiswahili hutofautisha kupata nafuu na kupona. Ripoti iliyohesabu damu safi haikuwa na nafasi ya tofauti hiyo. Aliyetoroka kambini huitwa mkaidi katika maandishi ya watawala. Mimi naona huenda alikuwa amemtazama jirani aliyetangazwa kuwa safi akisinzia tena juu ya chakula, au akishikwa mkono kupelekwa ziwani. Neno dawa lenyewe, ambalo kwetu hutaja kidonge na pia kitu cha kuulia panya, lilikuwa mwaminifu zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye chupa.

Tryparsamide, iliyofuata katika miaka ya 1920, ilifika ubongoni. Nayo pia ilipofusha baadhi ya wagonjwa.