"Hawaii": tamthilia ya polisi iliyokatwa kabla haijakolea

Msikilizaji, huenda imewahi kukutokea. Unafuatilia tamthilia, umeshaanza kuwazoea wahusika, halafu wiki moja unawasha runinga na haipo tena. Mwaka 2004 jambo hilo liliwakuta watazamaji wa tamthilia ya polisi iitwayo "Hawaii" nchini Marekani.

Ilihusu nini?

Hawaii ni jimbo la Marekani, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kuna joto mwaka mzima, minazi na fukwe. Tamthilia hiyo ilibuniwa na Jeff Eastin na kurushwa na kituo cha NBC. Ilisimulia kazi ya wapelelezi wa polisi wa Honolulu, mji mkuu wa jimbo, katika kisiwa cha Oahu. Aliyejulikana zaidi kati ya waigizaji ni Michael Biehn, ambaye wengi walimwona katika filamu ya The Terminator ya mwaka 1984.

Ilidumu muda gani?

Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 1 Septemba 2004. Ilipofika Oktoba, ikaondolewa. Sehemu 8 zilitengenezwa, 7 tu ndizo zilizorushwa.

Kwa nini ilikatwa?

NBC ni kituo cha biashara. Kinaishi kwa matangazo, na bei ya tangazo hufuata idadi ya watazamaji. Watu wakiwa wachache, fedha hupungua, na tamthilia huwa mzigo.

Idadi hiyo haipatikani kwa kuhesabu kila nyumba. Wakati huo kampuni ya Nielsen ilichagua baadhi ya kaya na kupima zilitazama nini, kisha ikakadiria nchi nzima. Hivyo ungeweza kuipenda tamthilia kwa moyo wote, lakini kama kaya yako haikuchaguliwa, hukuhesabiwa.

"Hawaii" ilirushwa Jumatano saa mbili usiku. Tarehe 22 Septemba, kituo cha ABC kilianzisha tamthilia ya "Lost" siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. "Lost" nayo ilirekodiwa Oahu, ikisimulia abiria walionusurika ajali ya ndege. Ikadumu misimu 6, hadi mwaka 2010.

Kwa hiyo tusiyalaumu mandhari. Bahari ni ile ile na kisiwa ni kile kile. Hata hadithi ya polisi wa visiwa hivyo iliwahi kupendwa: "Hawaii Five-O" ilidumu misimu 12, kuanzia 1968 hadi 1980. Mandhari mazuri humvuta mtazamaji siku ya kwanza. Kinachomrudisha wiki ya pili ni hadithi.

Nani huumia?

Nyuma ya waigizaji kuna mafundi wa taa, maseremala, wapishi na madereva. Tamthilia ikizimwa, nao hutafuta kibarua kingine. "Hawaii Five-O" ilipokwisha, kituo cha CBS kilitumia studio zake za huko kutengeneza "Magnum, P.I.", iliyoanza mwaka huo huo wa 1980. Kazi ikaendelea visiwani.

Naye Eastin hakukata tamaa. Mwaka 2009 alikuja na "White Collar", ikadumu misimu 6.

Hapa redioni hatuna mashine ya kuhesabu kaya. Tunawajua wasikilizaji kwa simu na ujumbe wanaotuma. Ukipenda kipindi, sema mapema, usisubiri kiondoke hewani ndipo uulize kimekwenda wapi.