Kvitøya, kisiwa kilichotunza siri kwa miaka 33

KISIWA cha Kvitøya, ambacho jina lake katika Kinorwe lina maana ya Kisiwa Cheupe, ndicho cha mwisho upande wa mashariki katika funguvisiwa la Svalbard. Rasi yake ya Kræmerpynten ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya Norwe. Ukivuka bahari kutoka hapo utakutana na kisiwa cha Victoria, kilicho milki ya Urusi.

Eneo lake ni kilomita mraba 682, na takriban asilimia 99 limefunikwa na barafu ya kudumu. Barafu hiyo, iitwayo Kvitøyjøkulen, imeinuka kama kuba hadi mita 400 hivi, na aghalabu hukomea baharini kwa kuta zilizosimama wima. Ardhi tupu ni vipande vichache vya mawe pembezoni, mathalani Andréeneset upande wa magharibi. Anayekitazama kwa mbali penye ukungu hawezi kutofautisha nchi kavu na wingu. Si ajabu, basi, kwamba baada ya nahodha Mholanzi Cornelis Giles kuona nchi upande huo mwaka 1707, ramani hazikuafikiana kwa muda mrefu kuhusu mahali ilipo.

Jina la Andréeneset lina masikitiko yake. Mnamo Julai 11, 1897, Waswidi watatu, Salomon August Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walipaa kwa puto kutoka Danskøya wakielekea Ncha ya Kaskazini. Siku tatu baadaye puto lilitua juu ya barafu ya bahari. Walisafiri juu ya barafu kwa zaidi ya miezi miwili, wakafika Kvitøya mwanzoni mwa Oktoba, wakafia papo hapo.

Bahari inayokizunguka huganda kiasi kwamba meli hazikukikaribia ila kwa nadra. Mabaki yao yalianza kupatikana Agosti 1930, wakati meli ya Bratvaag ilipofika huko, pamoja na shajara; baadaye zikapatikana filamu ambazo, licha ya kukaa miaka 33 kwenye baridi, zilitoa picha 93. Kiini cha vifo vyao kingali kinajadiliwa. Mwaka 1952 daktari Ernst Tryde wa Denmaki alidai kuwa waliambukizwa vimelea kutokana na nyama ya dubu.

Kvitøya haina wakazi. Tangu 1973 imo katika hifadhi ya Nordaust-Svalbard, makao ya dubu weupe na walrasi.