Kabla ya Hisa Kulikuwa na Mabati

Watu wa Nairobi hudhani uwekezaji uliletwa kwetu Kangema na madalali wa hisa. Shosho yangu, ambaye hakuwahi kumiliki hisa hata moja, angewacheka. Yeye alianza miaka ya 1960 katika kikundi cha mabati. Kina mama walichanga, wakapokezana, na nyumba moja baada ya nyingine ikatolewa nyasi na kuezekwa bati. Faida ilionekana mvua iliponyesha: maji yalishuka kwenye pipa, na safari za kuteremka mtoni na debe mgongoni zikapungua. Mweka hazina hangeweza kutoroka na pesa, kwani kila mtu aliujua mlango wake.

Baada ya bati wakaja ng'ombe wa gredi, kisha kampuni za kununua mashamba ya walowezi kule Bonde la Ufa. Hapo mambo yalibadilika. Ofisi zilikuwa mbali, viongozi hawakufahamika, na wapo walioshikilia risiti miaka mingi wakingoja hatimiliki.

Oktoba 1984, Peter Munga na wenzake wakafungua Equity Building Society hapa hapa Kangema. Shabaha ilikuwa mikopo ya nyumba, na kusema kweli sijui nani kwetu aliihitaji. Sisi hujenga kidogo kidogo, bonasi ya chai ikilipwa. Kufikia 1993 hasara zilikuwa takriban shilingi milioni 33, na zaidi ya nusu ya mikopo haikuwa ikilipwa. Mwaka huo akajiunga nayo James Mwangi, mzaliwa wa Nyagatugu. Wafanyakazi walishawishiwa wanunue hisa kwa sehemu ya mishahara yao, katika chombo ambacho Benki Kuu ilikihesabu kuwa kimefilisika. Huo ndio ujasiri ninaouheshimu kuliko sherehe ya Agosti 2006, Equity ilipoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kilichoiokoa ni kuacha ndoto ya nyumba na kuwageukia wachuuzi na wakulima wenye akiba ndogo.

Lakini hadithi hiyo iliwalevya wengi. Safaricom ilipouza hisa mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, kwa sharti la kununua hisa zisizopungua 2,000, watu walikopa ili wasiachwe nyuma. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya ile waliyonunulia, na mkopo ulikuwa haujapungua pamoja nayo. Nawalaumu kidogo tu. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba pesa ya hisa ni ile usiyoihitaji kesho.

Mwaka 2017 serikali ikaleta M-Akiba, hati fungani ya kununuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. Nilimweleza mama yote hayo tukichuma chai. Alinisikiliza hadi mwisho, akatupa majani kikapuni, akauliza: mweka hazina ni nani, na anakaa wapi?