Umati kama Mwamuzi: Mashindano ya Ngoma Usukumani

Katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, ngoma za mashindano hazikuwa na meza ya waamuzi wala karatasi ya alama, kwa kuwa hukumu ilikuwa mikononi, au tuseme miguuni, mwa watazamaji. Vikundi viwili vilicheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watu walikuwa huru kuhamia palipowavutia zaidi. Kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa ndicho kilichohesabiwa kuwa kimeshinda, na kile kilichobaki kikipiga ngoma mbele ya watu wachache hakikuhitaji kutangaziwa matokeo. Msimu wake ulikuwa kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na vijana wakiwa na nafasi ya kucheza siku kadhaa mfululizo.

Wapinzani walikuwa wa vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kujua nani kati yao alikuwa na dawa kali zaidi. Kwa sababu ya asili hiyo, uganga haukuwa kitu cha pembeni bali sehemu ya ufundi wenyewe: kiongozi wa kikundi, aitwaye ningi kwa Kisukuma, alitarajiwa kutunga nyimbo, kuwaongoza wachezaji, na pia kuwa na dawa ya mvuto pamoja na kinga dhidi ya dawa za wapinzani. Kikundi kikishindwa, sababu iliweza kutafutwa kwenye dawa kabla ya kutafutwa kwenye miguu ya wachezaji, jambo lililokuwa faraja kubwa kwa wachezaji.

Mwamuzi awezaye kuondoka wakati wowote hutuza kwanza kile kisichotarajiwa, na ndiyo maana Bayeye, yaani chama cha wafuga nyoka, waliingia uwanjani na chatu, huku watunzi wakinoa nyimbo za kejeli zilizowalenga wapinzani waliokuwa wakizisikia papo hapo. Hata hivyo, vioja havikutosha peke yake. Bugobogobo, ngoma iliyotokana na vikundi vya vijana waliolima pamoja kwa kufuata mapigo ya ngoma, huchezwa kwa majembe yanayozungushwa, kurushwa juu na kudakwa, na umati uliokuwa wenyewe wa wakulima uliweza kumtambua mara moja mchezaji aliyechelewa pigo moja, kama vile shambani anavyoonekana mtu aliyeachwa nyuma na mstari wa wenzake. Kwa watazamaji wa namna hiyo, ulinganifu wa mwendo ulikuwa kipimo cha kazi kabla ya kuwa kipimo cha urembo.

Katika miaka ya 1950, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyafungamanisha mashindano hayo huko Bujora, karibu na Mwanza, na sikukuu ya Ekaristi, yakajulikana kwa jina la Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Badiliko kubwa zaidi lilikuja baada ya uhuru, pale Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliyoundwa mwaka 1962 ilipozipa ngoma za makabila nafasi katika majukwaa ya taifa, ambako bugobogobo ilipata umaarufu mbali na Usukuma. Mashindano yanayoamuliwa na jopo hupima vazi, mpangilio, ujumbe wa wimbo na muda uliotengwa, na hapo marudio marefu yaliyokuwa yakiupasha umati moto uwanjani hugeuka kuwa kosa la kuzidisha dakika. Kejeli nayo hupoteza anwani yake, kwa kuwa vikundi hupanda jukwaani kimoja kimoja, na mpinzani anayelengwa yuko nyuma ya pazia akisubiri zamu yake.