Vita vya Sayari Kiganjani

Kila makala inayogusa Wachina na Waswahili huanza na twiga wa Malindi wa mwaka 1415. Leo twiga apumzike. Tunataka kuzungumzia kitabu kidogo cha ukubwa wa kiganja, kilichochapishwa hapa Guangzhou mwaka 1980, ambacho kilisimulia filamu ambayo karibu wasomaji wake wote walikuwa hawajaiona.

Filamu yenyewe ni Star Wars ya George Lucas, iliyotoka Marekani Mei 1977. Wengi huiita filamu ya sayansi, lakini tukisema kweli ni hadithi ya kale iliyovishwa nguo za anga. Kuna binti wa kifalme aliyetekwa, mzee mwenye elimu ya siri, kijana wa shamba asiyeijua asili yake, na adui mwenye kofia nyeusi ya chuma. Bibi zetu wangeielewa bila mkalimani.

Na hadithi hii ilianza kwa kusomwa. Riwaya ya filamu hiyo ilitoka mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu, ikiwa na jina la Lucas jaladani, ingawa aliyeiandika kutokana na muswada wa filamu ni Alan Dean Foster. Basi Wamarekani wa kwanza nao walikutana na Luke na Darth Vader kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba wao walingoja miezi tu. Huku China Bara, filamu ile ya 1977 haikuonyeshwa rasmi katika ukumbi wa senema mpaka Juni 2015, kwenye tamasha la filamu la Shanghai. Hiyo ni miaka 38.

Katikati ya miaka hiyo ndipo kinapoingia kitabu chetu. Wachina huviita vitabu vya namna hii lianhuanhua, yaani picha zilizofungamana mfululizo. Watoto waliviita vitabu vya watu wadogo. Kila ukurasa una picha moja na maneno machache chini yake. Viliuzwa kwa bei ndogo, na asiyekuwa na pesa ya kununua alikodi kwenye meza za mitaani, akakaa kwenye kigoda akasoma papo hapo. Vilisimulia kila kitu: vita vya kale, mashujaa wa mapinduzi, safari za yule mfalme wa nyani Sun Wukong, na filamu pia. Nyingine zilichorwa upya, nyingine zilipangwa kutokana na picha za filamu zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitabu hivi vilichapishwa kwa mamia ya mamilioni ya nakala.

Star Wars ya Guangzhou ilitolewa na tawi la hapa la shirika la uchapishaji la kueneza sayansi, na mmoja wa wachoraji wake ni Song Feideng. Tuangalie vizuri jina la shirika hilo. Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yamekwisha mwaka 1976, na mkutano mkuu wa sayansi ulifanyika Beijing Machi 1978. Nchi ilikuwa na njaa ya elimu ya kisasa. Miaka mingi baadaye mchoraji mwenyewe aliwaeleza waandishi wa habari kwamba lengo lilikuwa kuwafikishia Wachina sayansi iliyoendelea ya dunia. Yaani hekaya ya panga za mwanga iliingia kwa mlango wa fizikia!

Ukizipitia picha utacheka, kisha utanyamaza. Wapiganaji wengine wamevaa mavazi mazito ya wanaanga wa miaka ya 1960. Katika picha moja Darth Vader amechorwa pamoja na mnyama wa kale mwenye pembe tatu, ambaye hayumo kabisa katika filamu. Wengi waliozitazama siku hizi wamezifanya kichekesho. Sisi hatukubaliani nao. Mchoraji asiye na picha ya kitu hukichora kwa vile alivyonavyo, na mtu wa Guangzhou wa 1980 aliposikia habari za chombo cha anga, kielelezo chake kilikuwa roketi halisi za Warusi na Wamarekani. Pale ndipo unapoona mji wenyewe ukiwaza.

Suala la haki za mwandishi halikuwa na uzito mkubwa wakati ule: China ilipitisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 1990, ikaingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1992. Kilichoziumiza hadithi za sayansi mapema zaidi ni siasa, kwa sababu mwishoni mwa 1983 ilikuja kampeni dhidi ya kile kilichoitwa uchafuzi wa kiroho, nazo zikashambuliwa.

Kwetu mambo haya si mageni. Baada ya Titanic ya 1997, Joshua Amandus Mtani wa Dar es Salaam aliichora kwa Kiswahili kuwa kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Wazee wetu walisoma gazeti la picha African Film na visa vya Lance Spearman, senema ya kushika mkononi. Na walioketi katika vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu, aliyesimulia filamu za nje juu ya sauti zake mwenyewe, akiongeza methali na utani ambao mwenye filamu hakuuota. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo.

Lakini karatasi ina bahati ambayo kanda haina. Mwaka 2014 mwanahistoria Mmarekani, Maggie Greene, aliweka mtandaoni kurasa za nakala aliyoinunua Shanghai katika soko la vitabu vya zamani, na dunia nzima ikakisoma kile kitabu cha Guangzhou. Kanda za video za wasimuliaji wetu zilirekodiwa juu yake mara mbili, mara tatu, zikaliwa na ukungu, zikatupwa siku mashine ya kuzichezea ilipokufa. Baadhi zilisafiri ndani ya masanduku mpaka Muscat, Leicester na Minneapolis.

Msomaji mwenye kanda ya namna hiyo kabatini, au katuni ya Mtani yenye jalada lake, asiitupe. Atuandikie kwanza.